Haya inavyotusemea kabla hatujafungua mdomo

Mwezi uliopita niliketi kwa mara ya kwanza upande wa wasaili, tukitafuta mhasibu msaidizi, na msailiwa wa nne alinirudisha moja kwa moja mwaka 2013. Vyeti vyake vilikuwa vizuri kuliko vya wote waliomtangulia, lakini alisimama mlangoni hadi alipokaribishwa mara mbili, akakaa ukingoni mwa kiti, na kila jibu akalianza kwa "samahani". Sauti yake ilififia kabla ya sentensi kumalizika, na vidole vyake vilikunjakunja kona ya bahasha ya kaki mpaka karatasi ikalainika na kuchanika.

Nami nilikuwa na bahasha kama ile. Katika ofisi moja ya Dar es Salaam, niliulizwa kwa Kiingereza nijieleze, mdomo ukakauka, nikacheka kicheko kifupi kisicho na sababu, kisha nikasema "nilikuwa naomba kusema kwamba", nikaishia hapo. Mmoja wao aliniuliza iwapo sauti nimeiacha nyumbani, wenzake wakacheka, na mpaka leo nikipita mtaa ule huwa nageuza uso. Walidhani nadharau, kumbe mtu akishikwa na woga moyo humwenda mbio, mate hupungua, na pumzi huwa fupi kiasi kwamba sentensi ndefu humkatikia njiani.

Wengi wetu tulisoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyechekwa siku ile kwa neno moja alilokosea hujifunza kwamba kunyamaza ni salama, na huweza kuubeba ukimya huo hadi chumba cha usaili.

Sisemi tuitupe haya. Nimelelewa Tanga na bibi aliyetufundisha kwamba haya ni sehemu ya imani, na kwamba kumwamkia mkubwa bila kumkodolea macho ni adabu. Lakini mwenye adabu huchagua wakati wa kunyamaza, ilhali woga humnyamazisha mtu hata pale anapodaiwa jibu, na sisi tumezoea kuviita vyote viwili kwa jina moja.

Kilichonisaidia mimi ni kusoma gazeti kwa sauti kila alfajiri, chumbani peke yangu, nikijilazimisha kufika kwenye nukta kwa sauti ileile niliyoanzia. Vuta pumzi kabla ya kujibu, kisha maliza sentensi. Usiombe samahani mahali ambapo hukukosea. Hata ukikosea neno, ndugu yangu, maliza sentensi. Na wewe mzazi, mwalimu au mkuu wa kazi, acha kumcheka anayenong'ona, kwa sababu kicheko chako cha dakika moja anaweza kuishi nacho miaka kumi.

Binti yule nilimwomba aiweke bahasha mezani na ajibu upya kwa lugha aipendayo. Alieleza kwa Kiswahili jinsi alivyoyalinganisha madaftari ya kikoba cha mtaani kwao na taarifa za benki hadi akaona fedha zilipopotelea, na alifika mwisho wa kila sentensi. Ameanza kazi wiki hii. Bado husema "samahani" anapoingia ofisini kwangu, nami humwambia kwamba shikamoo inatosha.