Mpelelezi, kachero au jasusi?

SWALI: Natafsiri hadithi za zamani za Kimarekani, zile za wapelelezi na za kauboi zilizokuwa zikichapwa katika majarida ya bei ya chini. Mhusika wangu mkuu nimemwita mpelelezi. Rafiki yangu wa Mombasa aliyesoma rasimu anasema huyo ni jasusi, na mdogo wangu hapa Morogoro anataka awe kachero. Nani yuko sahihi? Tena, je, “hadithi za Magharibi” ni jina zuri kwa zile za kauboi?

JIBU: Usimbadilishe, ndugu yangu. Ni mpelelezi. Hata hivyo rafiki yako wa Mombasa hakulitoa hewani neno lake. Fungua Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 13: Musa anaambiwa atume watu “wakaipeleleze nchi ya Kanaani”. Wale kumi na wawili hawakuwa wakimsaka mwizi wala muuaji. Walikwenda kutazama kama miji ina maboma, na kama wenyeji ni hodari au dhaifu. Kwa Kiswahili cha leo hao ni majasusi. Polisi na mahakama ndio walioizoesha midomo yetu maana nyingine, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi Tanzania ameisikia sentensi “upelelezi haujakamilika” mpaka akaichoka. Hapo kuna kosa lililokwisha kutendeka, na kuna anayemtafuta aliyelitenda.

Mpelelezi, basi, ni neno pana. Jasusi, tulilolipata kwa Waarabu, limebaki jembamba: huyu huiba siri za upande mmoja akazipeleka upande wa pili. Namna ya kufanya kazi haiwatenganishi, maana wote hujificha, hufuata watu nyuma na hubadili majina. Uliza anatafuta nini, na nani amemtuma.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka hukohuko kwenye hadithi zako. Allan Pinkerton, fundi mapipa mzaliwa wa Glasgow, alianzisha shirika lake la upelelezi Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1850. Watu wake walilipwa kuwasaka wezi na wanyang'anyi wa treni. Hao ni wapelelezi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, vilipozuka mwaka 1861, Pinkerton akawa anamkusanyia habari Jenerali McClellan wa jeshi la Kaskazini, naye Timothy Webster, mmoja wa watu wake hodari, akawa anaingia na kutoka Richmond, makao makuu ya adui wa Kusini. Akakamatwa, na Aprili 1862 akanyongwa. Kwa kosa gani? Ujasusi. Mtu ni yuleyule, na ujuzi wake ni uleule aliokuwa akiwafuatilia nao wezi. Kilichobadilika ni anachokitafuta na aliyemtuma. Ukitafsiri maisha ya Webster utahitaji maneno yote mawili, na msomaji atauona mpaka alipouvuka.

Sasa mdogo wako. Kachero ni neno tamu na magazeti hulipenda: “makachero wa polisi wamemtia mbaroni.” Lakini lina harufu ya kituo cha polisi, kachero ana cheo, ana mkubwa wake, ana mshahara wa serikali. Mwandishi Dashiell Hammett, ambaye mwenyewe aliwahi kuajiriwa na shirika hilo la Pinkerton, alimuumba Sam Spade, mtu wa kukodiwa na mteja, na nusu ya taabu za Spade zinatoka kwa polisi. Ukimwita Spade kachero, na Luteni Dundy wa polisi anayemsumbua naye kachero, umeuzima ugomvi wao. Kiingereza huwatosheleza wote wawili kwa neno moja. Kiswahili kinakupa mawili, yatumie: Dundy kachero, Spade mpelelezi. Mara ya kwanza andika “mpelelezi wa kukodiwa” au “mpelelezi binafsi”, kisha mwache awe mpelelezi tu. Lile jina la utani la Kimarekani linalomwita “jicho”, ambalo wengi hulihusisha na jicho lililochorwa katika nembo ya Pinkerton, usilitafsiri. Kwetu jicho peke yake linamwelekeza msomaji kwenye husuda.

Kwa wahusika wa Kiswahili kipimo ni kilekile. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, hatumwi na dola; ni mpelelezi mtupu. Willy Gamba wa Elvis Musiba anatumwa na serikali kupambana na maadui wa nchi, na hapo sitagombana na atakayemwita jasusi. Ila sema “jasusi amekamatwa”, si “jasusi limekamatwa”, isipokuwa umekusudia kumtukana.

“Hadithi za Magharibi” ikatae kabisa. Magharibi kwetu ni Ulaya na Marekani kwa jumla, na msomaji atategemea siasa. Sema “hadithi za kauboi”, kama tulivyosema “sinema za kauboi” miaka yote. Jihadhari tu kwamba kauboi wa Kiswahili ana bastola kiunoni kabla ya kuwa na ng'ombe. Ukifika kwenye kurasa zinazoeleza wale vibarua waliokuwa wakiswaga makundi kutoka Texas hadi kwenye reli ya Kansas, andika “wachunga ng'ombe”, ili jasho lao lionekane.

Hukuniuliza, lakini utakutana naye: yule ofisa anayechaguliwa na wananchi kulinda usalama wa kaunti. Mwandike “sherifu”, kwa e, na mara ya kwanza ongeza “mkuu wa usalama wa kaunti”. Usimwandike “sharifu”. Msomaji wa Lamu atamwona mzao wa Mtume amepanda farasi na bunduki mkononi, na atakuwa na haki ya kukuuliza ulikuwa na maana gani.