Maji yanajenga au yanavunja? Yote mawili

Umeuliza maji yanawezaje kujenga na kuvunja molekuli zilezile, inategemea tu kama yanatoka au yanaingia. Chukua molekuli mbili za glukosi (sukari rahisi), kila moja C6H12O6, zikiungana moja inaachia OH nyingine inaachia H, hivyo viwili vinakuwa H2O vinatoka zao, ndo maana maltosi, yaani sukari ya glukosi mbili zilizoungana, inayobaki ni C12H22O11 na sio C12H24O12, hesabu mwenyewe uone. Protini hivyohivyo, asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 100 zikiungana mnyororo mmoja zinatoa molekuli 99 za maji.

Kuvunja ni kinyume chake, maji yanaingia pale kwenye kiungo, H inaenda upande mmoja OH upande mwingine, kiungo kinakatika, ndo hidrolisisi hiyo. Ila usidhani maji peke yake yanatosha, bila kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi hiyo, ingechukua muda mrefu mno. Tafuna kitu cha wanga bila kumeza, kaa nacho mdomoni kama dakika hivi utasikia kautamu kanakuja, hapo amilesi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate, inakata wanga kuwa maltosi na maji yanayotumika ni ya mate hayohayo.