Maswali ya Wasomaji: Tiba ya Msitu Inataka Mwendo wa Pole

SWALI: Shikamooni. Nina kikundi cha akina mama na wastaafu 18 hapa Nyegezi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kila Jumamosi tunapanda kilima chenye miti, kilomita nne kwa saa moja na nusu, nikiwaeleza kila mti na kazi yake. Nataka wapate utulivu, lakini wanarudi wamechoka. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hayo ni mazoezi na somo, vyote vizuri, ila tiba ya msitu, yaani kutuliza akili kwa kukaa kati ya miti polepole ukisikiliza, kunusa na kugusa, ambayo Wajapani walianza kuihimiza mwaka 1982, ni kazi nyingine. Njia isizidi kilomita moja, muda uwe saa mbili na nusu. Gawa kundi lako mara mbili, maana watu wakizidi kumi walio nyuma huanza soga.

Anzeni kwa kuketi kivulini dakika 15, macho yamefumbwa. Waelekeze taratibu: sauti ya mbali kabisa, kisha ya karibu, halafu harufu, halafu upepo wa ziwa unavyogusa ngozi. Usiikate hatua hii hata mkichelewa. Aliyetoka sokoni moja kwa moja bado anapiga hesabu kichwani.

Kisha tembeeni dakika 20 mkitazama kinachotikisika tu: jani, mchwa, mjusi kafiri juu ya jiwe. Tangulia wewe, kwani kundi hufuata mwendo wa aliye mbele. Baada ya hapo wape jambo moja la kufanya kila mtu peke yake, kwa mfano kugusa mwamba upande wa jua na upande wa kivuli, au kukaa na mti mmoja dakika 20. Warudi kwenye duara, kila mmoja aseme alichokiona. Asiyetaka kusema aruhusiwe kunyamaza. Usimsahihishe mtu wala kumfafanulia. Hapa ndipo waongozaji wengi huharibu, hasa wanaoijua miti vizuri. Majina ya miti yangoje chai mtakayokunywa mwishoni, na mchaichai uchemshe nyumbani, usichume majani usiyoyajua.

Anzeni saa moja asubuhi, kabla mawe hayajashika joto. Siku moja kabla, ipite njia ukitafuta nyuki, siafu na nyufa zinazoweza kuficha nyoka. Mkishuka ufukweni, miguu isiingie majini: kuna kichocho, na kwenye matete mamba.

SWALI: Mtu akilia kwenye duara nifanyeje?

JIBU: Mwache alie. Kaa karibu naye, usimuulize sababu mbele ya wenzake. Baadaye, pembeni, muulize kama ana mtu wa kuzungumza naye. Wewe ni mwongozaji, si tabibu: anayetaja kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na waambie wote wazi kwamba dawa za presha au kisukari haziachwi kwa sababu ya msitu.

SWALI: Kisiwa cha Saanane kinafaa?

JIBU: Kinafaa sana: miti, miamba na maji viko pamoja. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kwa hiyo kuna kiingilio, na boti huondokea upande wa Capri Point. Wajulishe askari wa hifadhi mapema kwamba mtakaa kimya sehemu moja kwa muda mrefu, wawaonyeshe mahali salama. Chagua siku ya kazi, na vitafunwa vifungwe vizuri kwa sababu ya tumbili.