Barua kwa mwanangu: chuo kwanza au kazi kwanza?

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama usome mwaka mzima ndipo uwe msaidizi wa daktari wa meno, au uingie kliniki hukohuko Texas wakufundishe kazini, kisha unifuate Minnesota. Nenda chuo.

Marekani kila jimbo lina sheria yake. Kuna majimbo ambayo daktari anaweza kukuajiri leo huna cheti, ukajifunza umesimama kando ya kiti. Huku kwetu Minnesota, bila kibali cha jimbo hupigi eksirei. Na leseni, kwa njia ya kawaida, inataka uwe umemaliza chuo kilichoidhinishwa na CODA, tume inayokagua mafunzo ya meno, ufaulu mtihani wa CDA, yaani cheti cha msaidizi wa daktari wa meno, unaotolewa na DANB, bodi ya taifa ya wasaidizi hao, kisha ufaulu na wa jimbo. Aliyejifunzia kazini naye anaruhusiwa kuufanya huo wa CDA, ila mpaka atimize saa 3,500 za kazi, na hizo hazikamiliki chini ya miaka miwili. Chuo ni kama mwaka mmoja tu.

Ila hata muda ungekuwa sawa, ningekwambia hivyohivyo, kwa sababu ya chumba cha kusafishia vifaa. Kifuko cha vifaa kikitoka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, na alama yake imebadilika rangi, asiyefundishwa anasema tayari. Rangi ile inaonyesha kimepita kwenye joto, basi. Kujua kama vijidudu vimekufa kweli, unapima kwa spora, yaani vijidudu sugu unavyovipitisha mashineni uone kama vitakufa, angalau mara moja kwa wiki, na majibu unayaandika. Kliniki yenye haraka itakuonyesha kitufe cha kubonyeza. Wa kukukalisha chini akueleze sababu humpati. Halafu kuna homa ya ini B. Chanjo yake mwajiri analazimika kukupa bure, idai kabla hujashika sindano iliyotoka kinywani mwa mtu.

Na hili nakuandikia kwa kuwa ulikaa mapokezi kliniki ya meno kule Tanga. Umezoea kusikia jino 46, gego la kwanza la chini kulia. Huku Marekani meno yanahesabiwa kwa namba nyingine, jino hilohilo ni 30. Wakisema 18, wanamaanisha gego la pili chini kushoto. Kwa namba ulizozoea, 18 ni gego la mwisho juu kulia! Daktari ameshika ganzi mkononi, anasoma ulichoandika wewe. Chuoni watakukaririsha mpaka uitaje namba bila kufikiri.

Anza na orodha ya vyuo kwenye tovuti ya CODA. Ukikuta kozi ya wiki chache inayoahidi kila kitu, waulize swali moja: nikimaliza kwenu, Minnesota watanipa leseni? Wakianza kukuzungusha, aga uondoke. Nitumie jina la chuo kabla hujalipa hata dola moja, nitawapigia simu mwenyewe.

Mama yako