Rafiki ambaye riwaya haikumpa Hornblower

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni tamthilia gani iliyobadilisha kitabu na bado ikakitendea haki. Mimi sikusita: ni Hornblower, filamu 8 za televisheni zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1998 na 2003 kutokana na riwaya za C. S. Forester. Ioan Gruffudd ni Horatio Hornblower, kijana anayeingia jeshi la majini wakati vita na Ufaransa vinaanza, na ambaye bahari inamlevya meli ikiwa ingali imetia nanga.

Mengi wameyaacha kama yalivyo, na nashukuru. Kuna kisa cha Marie Galante, meli ya Kifaransa iliyotekwa ikiwa na shehena ya mchele, na Hornblower akakabidhiwa aipeleke bandarini. Risasi ya mzinga imeitoboa chini ya maji. Kitabuni wanapima maji ndani ya meli, wanakuta pakavu, nao wanapumua. Kumbe kila tone limenyweka ndani ya mchele, na mchele unafura, unazisukuma mbao kwa ndani mpaka zinaachana. Mtu yeyote aliyewahi kuloweka kilo moja jikoni na kusahau anaielewa nguvu hiyo. Sasa fikiria meli nzima imejaa, na nahodha ni kijana ambaye ndiyo kwanza amepewa chombo chake.

Lakini swali lenu lilikuwa la kubadilisha, na hapo lazima nimtaje Archie Kennedy.

Hornblower wa Forester ni mtu mpweke. Utamu wa riwaya zile uko kichwani mwake: anajilaumu, anapiga hesabu, anaona aibu kwa woga ambao hakuna mwingine aliyeuona. Kwenye karatasi hayo yanasomeka vizuri. Kwenye kioo cha televisheni utaona uso uliokunjamana tu, basi. Waliotengeneza filamu wangeweza kuweka sauti ya msimulizi na kumaliza kazi. Wao walimchukua Kennedy, ambaye kitabuni anapita tu, wakamfanya sahibu wa Hornblower, naye Jamie Bamber akamwigiza kwa moyo. Hornblower akapata mtu wa kumwambia yale ambayo kitabuni anajiambia mwenyewe.

Walimkuza polepole. Katika filamu ya kwanza ni kijana anayeteswa na mwenzake mkubwa hadi anapatwa na kifafa. Baadaye tunamkuta kwenye gereza la Hispania, amekata tamaa, hataki hata kula, na Hornblower anakaa naye akimbembeleza anywe maji. Onyesho lile halina mzinga hata mmoja, nami nalipenda kuliko vita vyote vya mfululizo mzima.

Halafu inakuja kesi ya Kapteni Sawyer, mkuu wa meli ambayo Hornblower anatumikia. Katika riwaya ya 1952, Sawyer, ambaye akili imemtoka, anaanguka ndani ya ngama, kule chini kabisa ya meli yake, na Forester hasemi kama alisukumwa wala nani alimsukuma. Kisa tunakiona kwa macho ya Luteni Bush, ofisa mwenzake Hornblower, naye hakuona. Televisheni ikaliacha fumbo lile, ila ikaongeza mahakama ya kijeshi huko Kingston, Jamaika, na hapo kitanzi kinamnyemelea Hornblower. Kennedy, aliyejeruhiwa na anayejua kwamba hatapona, anajikokota hadi mbele ya mahakama na kutamka kwamba ni yeye peke yake aliyemsukuma kapteni. Muda si muda anafariki, rafiki yake akiwa kando ya kitanda, na jina lake limechafuka milele ili la mwenzake libaki safi.

Wapo wasomaji wa Forester wanaosema huko ni kuongeza chumvi. Sikubaliani nao hata kidogo. Nimeirudia riwaya ile baada ya kuitazama filamu, na nilipofika pale Sawyer anapoanguka gizani nilisimama kusoma, kwa sababu nilikuwa namtafuta Kennedy.