Kamera haioni amonia: tuwaamini watu wa video kuhusu samaki?

Jumapili iliyopita msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alituandikia. Ana tangi la kioo la futi tatu kwa moja kwa moja na nusu, na samaki wa dhahabu watano waliokuwa wamekaa miezi mitano bila kifo hata kimoja. Mfereji wa nyumbani ulikuwa umekauka kwa ajili ya mgao wa maji, kwa hiyo wiki tatu mfululizo hakubadilisha maji. Akaona video ya mfugaji wa Marekani mwenye wafuasi wengi akisema kwamba ukiruka wiki kadhaa, toa nusu ya maji mara moja urudishe mapya. Akanunua maji ya boza (lori la kuuza maji), akatoa mitungi mitatu ya lita 20, akarudisha mitatu, akatia na dawa ya kuondoa klorini kama alivyoelekezwa. Saa mbili usiku samaki walikuwa juu wakitweta, matamvua mekundu kama yamechubuliwa. Kulipopambazuka watatu walikuwa wamekufa.

Swali lake lilikuwa fupi: je, hawa watu wa video ni wa kuaminiwa?

Kilichotuuma zaidi ni majibu aliyopewa alipouliza chini ya video ileile. Aliambiwa amezembea, aliambiwa dawa haikutosha, mmoja akamwambia asifuge kama hawezi. Hakuzembea. Alifanya alichoambiwa, hatua kwa hatua, na ndicho kilichoua samaki wake. Tunaomba tueleze vizuri, kwa sababu jambo hili limemaliza samaki wengi sana mjini humu na bado linahesabiwa kuwa bahati mbaya.

Maji ya mfereji ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka Ndakaini na Sasumua, kwenye miteremko ya Aberdare. Ni maji laini, yenye madini machache. Maana yake kwa mfugaji ni kwamba KH yake, yaani nguvu ya maji kuizuia pH (kipimo cha uasidi) isiyumbe, ni ndogo tangu mwanzo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Bakteria wa kwenye filta huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti, na kazi hiyo hula KH: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia hula takriban miligramu 7 za ualkali, ndiyo KH yenyewe. Ukiacha wiki tatu bila kubadilisha, KH inaisha, pH inashuka hadi 6.5 au chini yake, na bakteria wanapunguza kasi. Amonia inaanza kujikusanya.

Mbona basi samaki hawakufa katika wiki hizo tatu? Kwa sababu amonia ina sura mbili. Kwenye pH 6.5 karibu yote inakuwa katika sura isiyodhuru sana. Ile yenye sumu haifiki hata sehemu 2 kwa 1,000. Kwenye pH 8, katika joto la nyuzi 22 hadi 25, yenye sumu hufika sehemu 4 au 5 kwa 100. Maji ya boza mara nyingi hutoka visima virefu, na visima vya Nairobi vina bikaboneti nyingi ya sodiamu (na floraidi pia), pH ikikaribia au kupita 8. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji ya tangi yaliyoishiwa KH, pH haisimami katikati. Maji ya kisima ndiyo yanayoshinda. Kwa hiyo amonia ilipungua nusu kwa kutolewa maji, lakini sehemu yake yenye sumu ikaongezeka zaidi ya mara kumi ndani ya saa moja. Dawa ya klorini haikuwa na la kufanya hapo; maji ya kisima huenda hayakuwa na klorini hata kidogo.

Sasa, mtu wa video alidanganya? Hapana. Kwake maji hutoka bomba lilelile Januari hadi Desemba. Akitoa nusu anarudisha maji yanayofanana na yale ya zamani. Ushauri wake ni sahihi nyumbani kwake. Hakusema nyumbani kwake pakoje, na mtazamaji hakujua kwamba anapaswa kuuliza.

Hapo ndipo penye jibu letu. Mwamini mtu wa video kwa kile ambacho kamera inaweza kukionyesha. Usimwamini, hata akiwa na wafuasi milioni, kwa kile ambacho kamera haikioni: maji, hewa, joto na muda.

Hewa tuanze nayo kwa sababu hakuna anayeitaja. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 pwani hubeba hadi miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu yanabeba karibu 6.7 tu. Video inayokwambia tangi la ukubwa fulani linatosha samaki kumi bila pampu ya hewa imerekodiwa mahali penye oksijeni zaidi yako. Punguza idadi, au weka jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu kutoka kwenye pampu.

Chukua tiba ya madoa meupe, ile ich, inayoonekana kama punje za chumvi kwenye mapezi. Watu wa video wanasema pandisha joto hadi 86. Hiyo ni Farenhaiti, sawa na nyuzi 30 za Selsiasi. Katika nyuzi 30 maji ya Nairobi hubeba takriban miligramu 6.1 za oksijeni, na samaki huyo tayari matamvua yake yameshambuliwa na vimelea. Ukipandisha joto bila kuongeza hewa, unamnyonga. Fanya hivi: weka mawe mawili ya hewa kwanza, ndipo upandishe nyuzi 1 kila saa kadhaa hadi 28 au 29, tia chumvi gramu 2 kwa kila lita ukiigawa kwa siku mbili, na uendelee angalau siku tatu nne baada ya doa la mwisho kutoweka. Dawa na chumvi humuua mdudu akiwa anaogelea tu, si akiwa ndani ya ngozi, kwa hiyo anayeacha tiba siku doa linapoondoka anamrudisha mwenyewe. Na kama tangi liko kwenye nyuzi 18 za Julai, mzunguko wa mdudu huyo unarefuka sana. Siku tano za tiba zilizotajwa kwenye video hazitoshi.

Julai yenyewe ina mambo yake. Utasikia kuhusu gapi, samaki wadogo wa rangi: "Gapi hawahitaji hita, joto la chumba linatosha." Chumba gani? Nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zina mitambo ya kupasha joto, chumba kinakaa nyuzi 20 na zaidi hata theluji ikianguka. Nyumba za Nairobi hazina. Usiku wa Julai sebule ya ghorofa ya chini inaweza kushuka hadi 17. Gapi anataka 22 hadi 28, beta (samaki mpiganaji) 24 hadi 28. Na wati 1 kwa lita inayotajwa kila mahali imepigiwa hesabu ya kupandisha nyuzi tano hivi. Kutoka 17 hadi 25 ni nyuzi nane. Weka wati 1.5 hadi 2 kwa lita, na kifuniko juu ya tangi. Samaki wa dhahabu wao hawana haja na hita kabisa.

Vipimo navyo vinaumiza. Galoni ya Marekani ni lita 3.8, ya Uingereza ni 4.5, na mtazamaji wetu ananunua tangi kwa futi. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Tangi la futi mbili kwa moja kwa moja ni lita 57, na ukitoa changarawe na nafasi ya juu yanabaki maji lita 48 hivi. Anayesikia "tangi dogo la galoni 20" akadhani ni lake la futi mbili anatia dawa ya lita 76 kwenye maji ya lita 48. Dawa zenye shaba au formalini haziwezi kusamehe kosa hilo. Pima mwenyewe: hesabu mitungi unapojaza tangi mara ya kwanza, uandike namba kwa kalamu ya rangi nyuma ya kioo.

Muda ndio kitu kinachofichwa zaidi, na hapa kweli tunakasirika. Video ya dakika kumi inaanza tangi likiwa tupu na kuishia samaki wakiogelea. Katikati palipaswa kuwa na wiki nne hadi sita za kuwakuza bakteria, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Lakini nani atatazama wiki sita za maji matupu? Badala yake unaonyeshwa chupa ya bakteria, na chini ya video kuna kiungo cha kuinunua. Chupa hizo nyingine husaidia, nyingine hukaa kwenye joto la stoo hadi zikawa maji tu. Kipimo ndicho kitakachosema: tia amonia hadi ifike miligramu 2 kwa lita, na usiweke samaki mpaka tangi liweze kuimaliza hiyo, pamoja na nitraiti yake, ndani ya saa 24. Njia ya haraka kuliko chupa yoyote ni kuomba sponji chafu kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima, ukaibeba ndani ya maji yaleyale. Haigharimu chochote, ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Vivyo hivyo na ushauri wa kubadilisha kikasha cha filta kila mwezi. Humo ndimo bakteria wanakaa. Ukitupa kikasha, umetupa bakteria. Kamua sponji ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya mfereji wenye klorini, na uibadilishe ikianza kumeguka tu.

Kuhusu matangi yasiyo na filta, mtindo huo una msingi wa kweli katika mfumo wa Diana Walstad wa Marekani: udongo kama sentimita 2.5, changarawe kiasi hichohicho juu, mimea mingi tangu siku ya kwanza, samaki wachache. Video fupi zinabakiza mtungi mzuri na kuacha mimea na uchache wa samaki. Usiuguse mtindo huo kwa samaki wa dhahabu.

Hata hivyo tusiwe watu wasio na shukrani. Kupaka silikoni kwenye tangi linalovuja, kuunga pampu na filta ya sponji, kumtofautisha dume na jike, kuona magamba yaliyosimama kama koni ya msonobari: mambo ya mkono na jicho video huyafundisha kuliko maandishi yoyote. Kuangua mayai ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi wanavyolishwa vifaranga wa samaki, pia tazama video, gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji, hewa kali, saa 24 hadi 36. Nairobi wakati wa baridi ngoja hadi 48 au weka chupa karibu na balbu.

Na wako watu wa video waaminifu. Utawajua kwa sababu wanarudi kwenye tangi lilelile baada ya miezi sita. Wanataja pH na KH ya maji yao bila kuulizwa. Wanasema wako mji gani. Wakikosea, wanasema kwa sauti badala ya kuifuta video. Ukikuta mtu ambaye kila wiki ana tangi jipya, jiulize yale ya zamani yako wapi na waliokuwa ndani yake wako wapi.

Dada wa Umoja, wawili waliobaki wanaweza kupona. Sasa tangi lako limeshakuwa na pH ya maji ya boza, kwa hiyo hatari ya kubadilisha kwa maji hayohayo imekwisha. Inayobaki ni amonia. Toa robo asubuhi na robo jioni, kwa maji ya boza ileile yaliyolala usiku mmoja ndani ya nyumba yapate joto sawa, mpaka kipimo cha amonia kisome sifuri. Usiwalishe siku mbili. Hewa isizimwe usiku wala mchana. Chumvi ya jikoni gramu 100 kwa tangi zima itawakinga na nitraiti itakayofuata. Ukitoa robo ya maji, rudisha gramu 25. Maji ya mfereji yakirudi, usiyamwage yote kwa mara moja: wiki ya kwanza mtungi mmoja wa mfereji kwa miwili ya boza, wiki ya pili nusu kwa nusu, halafu ya mfereji peke yake. Kuanzia hapo, kila unapobadilisha, tia bikaboneti ya soda ya jikoni, si beking pauda, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 100 za maji mapya. Na uwe na mapipa mawili yenye mfuniko yaliyojaa kabla mgao haujaanza, ili robo yako ya kila wiki isikosekane tena.