Shehena ya Manza haikuwa yetu

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Je, mkoa wako uliwahi kupokea msaada wa vita kutoka nchi ya mbali, na ulimfaa nani?" Kwa sisi wa Tanga jibu ni ndiyo, tuliwahi, na haukutufaa. Ila swali lenyewe limetazama upande mmoja. Msaada mkubwa zaidi ulitoka huku kwenda ng'ambo, na hakuna aliyeuita msaada.

Mgeni akishuka Tanga husimuliwa kwanza nyuki waliowatimua askari wa Mwingereza Novemba 1914. Nyuki nawaacha, wameshasifiwa vya kutosha. Twende kaskazini, ghuba ya Manza, huko Mkinga. Aprili 1915 iliingia pale meli ya Mjerumani, Rubens, iliyojifanya ya Kidenmark kwa jina la Kronborg. Iliondoka Ujerumani Februari, ikapita juu ya Uskoti, ikateremka hadi kusini mwa Afrika na kupanda tena pwani hii, maana manowari za Kiingereza zilikuwa zimefunga bahari. Tumboni ilipakia makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Manowari Hyacinth ikaifuata humo humo ghubani na kuipiga mizinga. Meli ikawaka moto, ikakaa chini kwenye maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakiamini wamemaliza kazi.

Wapi! Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya shehena. Risasi zilizoingia maji ya chumvi zilifunguliwa, zikasafishwa na kukaushwa, kisha zikaundwa upya. Makaa hayakufika Rufiji, na Königsberg iliangamizwa Julai mwaka ule ule, lakini vita vya nchi kavu vilipata pumzi mpya na kuendelea hadi Novemba 1918. Kwa mwanakijiji, maana ya pumzi hiyo ilikuwa kukamatwa upagazi, chakula kuchukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, na njaa. Wanaoandika habari za meli hii humsifu nahodha kwa ujasiri wake. Sawa, alikuwa jasiri, lakini hakuja kutusaidia sisi.

Sasa upande wa pili. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani walikamata Ufilipino na Java. Ufilipino ndiko zilikotoka nyuzi za abaka, mmea wa jamaa ya mgomba, zilizosokotwa kamba za meli. Java nayo ililima mkonge. Ghafla Uingereza na Marekani hazina kamba. Na msidhani kamba ilikuwa kitu kidogo: manowari haifungwi gatini bila kamba, na mkulima wa ngano wa Marekani alifunga miganda yake kwa uzi wa mkonge. Macho yote yakageukia Tanganyika, na ukisema mkonge wa Tanganyika umesema kwanza Tanga: Muheza, Korogwe, Pangani.

Ambaye hajasimama kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, hajui uzi ule unavyopatikana. Majani yanaingia upande mmoja, yanapondwa na kukwanguliwa huku maji yakimwagwa, nyama ya jani inatoka kama uji wa kijani wenye harufu kali. Utomvu wake unawasha ngozi hadi unajikuna usiku. Katika kilo 100 za majani unapata singa, yaani nyuzi zenyewe, kilo 4 hivi. Zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, zinashindiliwa marobota, kisha treni hadi bandarini na matishari hadi melini, kwa kuwa meli kubwa zilitia nanga mbali na gati.

Mnunuzi alikuwa mmoja, serikali ya Uingereza, na bei aliipanga yeye mwenyewe. Manamba waliokuja kwa mkataba, na kipande, kadi ya kazi ya siku 30, mkononi, hawakutosha. Basi zikatumika sheria za vita, watu wakachukuliwa kwa lazima kutoka mikoa mingine kuja kukata mkonge, na wengine kugema mpira, kwa sababu nchi ya Malaya (Malaysia ya leo), kulikotoka mpira, nayo ilikuwa mikononi mwa Wajapani. Biashara ambayo mnunuzi anapanga bei na mfanyakazi analetwa kwa nguvu, mimi siiiti biashara. Ule ulikuwa mchango wa vita, na sisi hatukuombwa, tulitozwa.

Najua watakaonijibu kwamba vita ndivyo vilivyoitajirisha Tanga. Watazame miaka vizuri. Neema ilikuja baada ya mnunuzi yule mmoja kuachia soko, hasa bei iliporuka wakati wa vita vya Korea, 1950 na 1951. Hata hapo wenye mashamba ndio waliovuna, mkata majani akaambulia nyongeza ya senti. Nchi ilifikia tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, halafu kamba za plastiki zikatukuta, na mengine mnayajua.

Leo Mchina ananunua singa zetu kwa wingi, hana vita, na bei inabishaniwa mezani. Kwa hesabu yangu, huyo ametufaa kuliko meli ya Manza.

Msomaji, Ngamiani, Tanga